Nahodha Aliyecheza Mfukoni

Kila Alhamisi jioni, mazoezi yakiisha, watu wa mji wa Wirrabin walijua mahali pa kutazama. Kando ya mlango wa jengo la klabu ulining'inia ubao wa kijani, na juu yake yalibandikwa majina ya watakaocheza mwisho wa juma, kila jina mahali pake: walinzi nyuma, viungo katikati, washambuliaji mbele. Mkulima aliyetoka kupanda ngano alisimamisha gari, akasoma, akacheka au akatukana kimoyomoyo, ndipo akaenda nyumbani kula. Katika nchi ile kavu mvua ilikuwa habari kubwa, lakini haikuushinda ubao.

Kwa miaka minne mfululizo, katikati ya orodha ya timu ya wanawake lilisimama jina moja: Kerryn Schulz. Hakuna aliyeshangaa. Kerryn, muuguzi na mama wa watoto wawili, ndiye aliyeianzisha timu hiyo. Alizunguka shamba kwa shamba akiomba wachezaji. Aliwafundisha wanawake waliozoea netiboli kuushika ule mpira wenye umbo la yai na kuupiga teke bila kuona haya. Aliwabana wazee wa klabu kama koleo hadi wakatoa chumba cha kubadilishia nguo chenye maji ya moto. Alikuwa nahodha, alikuwa mmoja wa wateuzi watatu wa timu, na alicheza katikati, pale mwamuzi anaporusha mpira juu na vita kuanza. Hamu yake ilikuwa moja, nayo ilimkaa rohoni kama mwiba: kombe. Lakini Kasuku, kama timu ilivyoitwa kwa jezi zake za waridi na kijivu, hawakuwahi kushinda hata mchezo mmoja wa mtoano.

Mwaka wa tano ulimkuta Kerryn na miaka thelathini na sita. Akili yake bado ilifika kwenye mpira kabla ya kila mtu. Miguu ndiyo iliyochelewa. Mwaka huohuo alijiunga Shanae Rigby, msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akijifunza ufundi wa matrekta. Shanae alikuwa mwepesi kama njiti ya kiberiti: ukiikwaruza tu, imeshawaka. Kila aliyemwona alijua kwamba yule ni mtu wa katikati. Lakini katikati palikuwa na mwenyewe, kwa hiyo Shanae aliwekwa mfukoni. Mfukoni ndivyo wachezaji wanavyoiita kona ya nyuma kabisa, karibu na lango la timu yako, ambako kazi ya mtu ni kumganda mpinzani mmoja kama kupe, na sifa hazifiki huko hata kwa barua.

Kasuku walipoteza mchezo wa kwanza wa mwezi wa sita, wakapoteza wa pili, wakapoteza wa tatu. Baada ya huo wa tatu, chumba cha kubadilishia nguo kilinuka matope na dawa ya kuchua, na hakuna aliyenyanyua uso. Kocha Daryl Noonan, dereva wa malori mwenye moyo laini kuliko siagi, alikohoa.

"Tumekosa bahati tu, wasichana."

"Bahati gani, kocha?" Aliyedakia alikuwa Maxine Obst, mlinzi wa kati, mwanamke wa miraba minne aliyefanya kazi kwenye maghala ya nafaka. Alikuwa akibandua plasta vidoleni. "Sema ukweli, au niseme mimi."

"Max, acha," Daryl alimsihi.

"Siachi!" Maxine alimgeukia Kerryn. "Kez, wewe ni shoga yangu tangu darasa la kwanza, kwa hiyo nitakwambia mimi, maana hawa wote wanakuogopa. Leo umepitwa kama tela lililoegeshwa. Na huyu mwenye kasi tumemfungia huko nyuma analinda nyasi!"

Shanae alitamani ardhi ipasuke immeze. Kerryn alisimama taratibu.

"Timu hii nimeianzisha mimi, Maxine."

"Nani kakataa? Uliianzisha ishinde, au uliianzisha ili ucheze katikati?"

Kerryn alibeba mkoba wake akatoka bila kufunga kamba za viatu.

Siku tatu alikuwa kama chungu kilichofunikwa kinachochemka. Mumewe, Glenn, alikuwa na desturi ya kurekodi michezo akiwa amesimama juu ya pikapu yake. Jumanne Kerryn aliomba rekodi ya mchezo ule wa tatu, nia yake ikiwa kumwumbua Maxine. Aliketi peke yake na kikombe cha chai, akatazama. Mara ya kwanza alitafuta makosa ya wenzake. Mara ya pili alijitazama mwenyewe. Alijiona akipitwa mara nne, mara saba, mara kumi na moja. Tena aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona akiwa uwanjani: kila mpira ulipopotea katikati, kule nyuma kabisa Shanae alikuwa ameinua mkono, akiomba ruhusa ya kupanda. Chai ilipoa bila kuguswa. "Kumbe ni mimi," Kerryn alisema, na hapakuwa na mtu wa kumbishia.

Alhamisi wateuzi watatu waliketi mezani: Kerryn, Daryl, na Bev Thiele, katibu wa klabu. Daryl alianza kuandika kutoka katikati, kama ilivyokuwa ada.

"Futa," Kerryn alisema.

"Nifute nini?"

"Jina langu. Hapo mweke Shanae."

Kalamu ilisimama. "Na wewe nikuweke mbele?" Daryl aliuliza kwa matumaini.

"Mbele wapo watu. Pengo liko mfukoni."

Bev alivua miwani. "Kez, mpenzi, watu watasema umeshuka."

"Na watakuwa wamesema kweli. Andika, Daryl, kabla sijabadili nia."

Ubao ulisomwa, na ulimi hauna mfupa. Asubuhi yake Kerryn aliingia duka la mikate kununua pai ya nyama, na Trevor, mwenye duka, akamwangushia utani mbele ya wateja wote. "Nahodha mzima mfukoni? Angalia usije ukafuliwa pamoja na suruali!" Watu waliangua kicheko. Kerryn naye alicheka, ila kicheko chake kiliishia menoni.

Shanae alimsubiri nje ya uwanja siku ya mchezo, uso umemshuka. "Samahani. Sikutaka kuchukua nafasi yako."

"Hukuichukua, nimekupa," Kerryn alimjibu. "Ila ukiichezea ovyo nitaidai. Sikiliza: yule wao wa katikati akitaka kugeuka kushoto, hushusha bega kwanza. Mwahi hapo."

Siku hiyo Shanae aliwaka, na Kasuku wakashinda. Kerryn, hata hivyo, alitia aibu. Miaka minne ya kuufuata mpira ilikuwa imemlea vibaya. Kila ulipodunda alitoka mbio kuufuata, akamwacha mpinzani wake peke yake kama mgeni sebuleni. Mpinzani huyo alifunga magoli matatu. Kwa kanuni za mchezo huo, mpira ukipita kati ya nguzo mbili ndefu ni goli, nalo huzaa pointi sita. Ukipita kando, kati ya nguzo ndefu na ile fupi, huzaa pointi moja tu. Kwa hiyo Kerryn alikuwa amewapa wageni pointi kumi na nane kwa mikono yake. Katika robo ya tatu ya mchezo Daryl alimtoa akamweka benchi. Aliketi amejifunika koti, akishangilia timu yake. Furaha na uchungu vilimkalia kifuani, na hakuna kilichotaka kumpisha mwenzake.

"Nikurudishe katikati?" Daryl alimnong'oneza baadaye. "Wewe sema tu."

"Hapana. Sijajifunza bado."

Usiku ule alimpigia Maxine simu. Hakuomba radhi wala hakuombwa. "Nifundishe," alisema tu. Tangu wiki hiyo, asubuhi tatu kila juma, kabla ya zamu ya hospitali na kabla ya maghala kufunguliwa, wanawake hao wawili walikanyaga nyasi zilizoganda kwa baridi.

"Tazama kiuno changu, usitazame mpira!" Maxine alifoka. "Mpira unadanganya, kiuno hakidanganyi. Na usidake. Piga ngumi."

"Maisha yangu yote nimekuwa nikidaka, Max."

"Na maisha yako yote hujaona kombe. Piga ngumi!"

Vidole vilivimba, magoti yalilia, lakini Kerryn hakukosa hata asubuhi moja. Kidogo kidogo mpinzani wake alifunga magoli mawili, kisha moja, kisha hakufunga kitu. Trevor wa mikate aliacha utani wake bila kutangaza. Kasuku walimaliza ligi nafasi ya tatu, wakashinda mchezo wao wa kwanza wa mtoano, wakashinda wa pili, na Jumamosi ya mwezi wa tisa wakajikuta katika fainali dhidi ya Korrawinda, mabingwa wa miaka miwili.

Ilikuwa kufa na kupona. Ikiwa imebaki chini ya dakika moja, Kasuku waliongoza kwa pointi mbili. Ndipo Korrawinda walipoupiga mpira mrefu, ukapaa, ukaanza kushuka mbele kabisa ya lango la Kasuku. Chini yake walikuwa watu wawili: Imogen Fyfe, mfungaji wao mrefu kama mlingoti, na Kerryn aliyemganda ubavuni.

Mikono ilimwasha Kerryn. Angeudaka mpira ule, uwanja mzima ungeliimba jina lake. Lakini ukimponyoka, Imogen hawezi kukosa goli kwa umbali ule. Akiupiga ngumi kwenda mbele, wako Korrawinda watatu wanausubiri midomo wazi. Aliruka pamoja na Imogen, bega kwa bega, akakunja ngumi na kuupiga mpira kwenda nyuma, kando, ukapita kati ya nguzo ndefu na ile fupi.

"Amewapa pointi!" mtu alipiga yowe. "Kerryn amewapa pointi!"

Ndiyo, aliwapa moja, akabakiza moja. Na sasa, kwa kanuni, mpira ulikuwa wa Kasuku kuanzisha. Maxine aliupiga mbali, upande wa uzio, na huko Shanae aliruka juu ya watu wawili akaudaka kifuani, akaanguka nao. Alilala chini ameukumbatia kama mtoto mchanga hadi king'ora kilipolia.

Tuzo ya mchezaji bora ilikwenda kwa Shanae, kwa haki kabisa. Gazeti la wilaya lilitaja wafungaji wote, likataja wachezaji sita waliong'ara, na jina la Kerryn Schulz halikuwamo popote. Yeye hilo halikumshughulisha. King'ora kilipolia alikuwa amepiga magoti kwenye matope ya kona ile, machozi yakimchuruzika, akicheka kwa kifua chote.

Maxine alimjia, akamshika kwapani. "Inuka, bibi wee. Kombe halitembei, linakusubiri wewe ulibebe."

Akainuka, akaenda akalibeba. Hivyo ndivyo alivyolipata, si kwa kujikweza pale katikati bali kwa kukubali kushuka, na hivyo ndivyo ilivyo: mtaka cha mvunguni sharti ainame.