Kigelegele Kwenye Ukungu

Hii isome mpaka chini kabla hujaitupa kwenye kundi la familia. Nawajua. Mnasambaza kwanza, kisha mtu akiuliza ilihusu nini mnajibu kwa kidole gumba.

Palikuwa na binti mmoja wa Majita, kando ya ziwa, jina lake Nyangeta. Binti huyu alikuwa na miguu. Simaanishi miguu ya kutembelea, hiyo hata mimi ninayo. Alikuwa akianza kukimbia, wavulana wa shule nzima wanainama kujifanya wanafunga kamba za viatu. Baiskeli alijifunzia ile ya chuma ya baba yake, ya kubebea mihogo. Kuogelea hakumbuki hata alijifunza lini.

Sasa kuna mchezo mmoja wa watu wasiojihurumia. Unaogelea, unatoka majini unapanda baiskeli, unashuka kwenye baiskeli unakimbia, na hapo katikati hakuna hata kukaa chini ukanywa chai. Nyangeta aliuona kwenye televisheni ya jirani, akasema kwa sauti mbele ya watu, "Huu ni wangu." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Mama yake mdogo, Leokadia, alikuwa muuguzi katika mji mmoja wa kaskazini kabisa, mji ambao theluji ikianguka inakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Huko kulikuwa na klabu ya mchezo huo. Mama mdogo akamwita, na binti akaenda.

Kocha wa klabu alikuwa mzee mmoja mkavu, Torvald. Alimpokea na sharti mkononi.

"Kila mwaka naingiza mtu mmoja tu kwenye timu," alisema. "Kiangazi kikianza, wote mnaotaka nafasi mtashindana ziwani. Wa kwanza anabaki nami. Wengine nawashukuru."

Kwa wenzake, "nawashukuru" ilikuwa maana yake jaribu tena mwakani. Kwa Nyangeta ilikuwa maana yake panda ndege urudi, kwa sababu kibali chake cha kukaa kilikuwa kinaishia kiangazi hicho hicho, na ni timu peke yake ambayo ingeweza kumwombea kingine.

"Sawa," alisema. "Nafasi hiyo ni yangu."

Torvald alimtazama kuanzia kofia ya sufu mpaka viatu. "Wewe umewahi kuona theluji?"

"Naiona sasa hivi."

Asubuhi yake ya kwanza pale aliamka mapema, akatafuta fagio, akainama, akaanza kufagia theluji mbele ya nyumba kama tunavyofagia uwanja kwetu. Alifagia mpaka vidole vikafa ganzi. Mama mdogo alifungua dirisha akicheka machozi.

"Mwanangu, hiyo haifagiliwi! Hiyo inalimwa!"

Akampa chepe. Tangu siku hiyo Nyangeta alilima theluji mpaka mlangoni kwa jirani, jirani akipita anatikisa kichwa na kwenda zake. Alijifunza kukimbia kwenye barafu kwa hatua fupi fupi kama bata, baada ya kuanguka vya kutosha. Baiskeli walimfungia kwenye mtambo ukumbini, ananyonga jasho linamtoka na hajafika hata kwa huyo jirani. Hakulalamika. Alisema miguu haijui kama imekwenda au haikwenda, inajua tu kuwa imechoka.

Tatizo lilikuwa bwawani.

"Simama!" Torvald alipuliza filimbi siku ya kwanza. "Kwa nini unainua kichwa kila mara?"

"Naangalia, mwalimu."

"Unaangalia nini?"

"Mamba."

Torvald aliinama akachungulia yale maji ya bluu na vigae vyake vyeupe. "Leo wako wangapi?"

Watu walicheka sana, na Nyangeta akaachia tabasamu, lakini hakuwa anatania. Kwao wasichana wakienda ziwani, yule mkubwa haendi kustarehe. Yeye ndiye macho ya wenzake. Anaogelea kichwa juu, kila baada ya mikono michache anatazama, na akiona kitu hakieleweki anapiga kigelegele. Hapigi yowe, kwa sababu watoto wakisikia yowe wanatawanyika na kunywa maji. Wakisikia kigelegele wanamkimbilia dada wakidhani kuna jambo la furaha, na wakishakusanyika anawatoa wote pamoja. Bibi yake alimfundisha hivyo, na Nyangeta amewatoa majini wadogo zake watatu kwa njia hiyo, akiwa bado binti mdogo mwenyewe.

Alimweleza kocha. Kocha alisikiliza, ndiyo, kisha akasema, "Hapa hakuna mamba. Kila ukiinua kichwa miguu inazama, unakuwa trela. Kichwa chini."

Basi kichwa kikashushwa. Majira yote ya baridi Nyangeta alipigana na shingo yake mwenyewe. Aliimarika, lakini majini bado alikuwa wa mwisho, na wa kwanza siku zote alikuwa Sigrid, binti mrefu wa mji ule, aliyeogelea kama mtu aliyepakwa mafuta.

Sigrid naye alikuwa anaitaka nafasi ile ile. Na alikuwa mkimya, ukimya wa kukera. Kila asubuhi Nyangeta alimfuata kwa adabu zote za kwetu: "Habari za asubuhi, Sigrid! Ni mimi Nyangeta. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo?" Sigrid alijibu, "Asubuhi," akavaa miwani ya kuogelea, akazama.

"Mama mdogo," Nyangeta alisema siku moja mezani, "watu wa hapa wamegandishwa pamoja na barabara zao."

Leokadia alikuwa ameishi pale miaka mingi. Alimwongeza ugali bila haraka. "Maneno hawana, hilo ni kweli. Wewe subiri siku utakayokwama, ndipo utawajua."

"Mimi sikwami."

"Haya. Kula."

Theluji ikayeyuka. Siku ya mashindano ilipofika ziwa lilikuwa wazi, maji baridi ya kuuma meno, na hewa ya joto ikipita juu yake ilizaa ukungu mzito. Waamuzi walisubiri. Ukungu ukaondoka, jua likatoka, boya la rangi ya chungwa likaonekana huko mbali. Njia ilikuwa rahisi kama kunywa maji: ogelea mpaka kwenye boya, lizunguke, fuata mstari wa maboya madogo urudi nchi kavu. Filimbi ikalia.

Walipokuwa katikati, ukungu ukarudi.

Nyangeta alikuwa nyuma ya wote, kichwa chini kama alivyofundishwa. Ghafla shingo ikakataa. Ilijiinua yenyewe, shingo ile ya dada mkubwa, na alichokiona kilimshtua. Boya lilikuwa kushotoni kwake, karibu kabisa. Lakini mlio wa mikono ya wenzake ulikuwa unatoka kulia, unaenda mbali. Sigrid alikuwa amelipita boya bila kuliona, na kundi zima limefuata miguu yake. Walikuwa wanaogelea kwa kasi nzuri kabisa kuelekea upande wa ziwa usio na mwisho.

Akalishika boya. Maboya madogo ya kurudia aliyaona moja baada ya jingine, yanaingia kwenye ukungu. Njia ilikuwa ya kwake peke yake. Angeondoka kimya, kufikia saa ya kugundua kosa lao angekuwa amekwisha panda baiskeli. Nafasi, kibali, timu, vyote vilikuwa kwenye kunyamaza tu.

Nataka nikwambie ukweli, aliliwaza hilo. Mtu asikudanganye kuwa watu wema hawawazi. Aliwaza, na papo hapo akahisi baridi ya yale maji kwenye mbavu, akajua hakuna mwili utakaoivumilia sana.

Akajaza kifua hewa, akapiga kigelegele.

Kilikata ukungu kama mkasi. Akapiga tena, na tena. Mlio wa mikono ukasimama. Mtu mmoja akapaza sauti, akisema kitu ambacho Nyangeta hakukisikia vizuri, halafu maji yakaanza kupigwa upya, safari hii yakija kwake kwa kasi ambayo hakuwahi kuisikia hata bwawani. Wa kwanza kutokeza alikuwa Sigrid, macho yamemtoka. Alimfikia akamkamata chini ya kwapa kwa nguvu hadi ikamuuma.

"Boya!" Nyangeta alimwonyesha. "Huku! Nyumbani ni huku!"

Sigrid alitazama boya, akamtazama Nyangeta, akamwachia. Wote wakazunguka na kurudi, Sigrid mbele, Nyangeta nyuma kama kawaida yake.

Na hapo ndipo mashindano yalipoanza kwa kweli. Kwenye baiskeli Nyangeta aliwapita wengine wote mmoja mmoja, akinyonga kwa furaha kwa sababu safari hii miti ilikuwa inarudi nyuma. Wakati wa kukimbia alibaki Sigrid peke yake, mbele, mgongo mrefu usiogeuka. Kilima cha mwisho kilikuwa kirefu. Nyangeta alimfikia chini ya kilima, wakapanda bega kwa bega, na karibu na kileleni miguu ya Majita ikasema kile ilichokwenda kusema. Alimaliza wa kwanza. Hakuna aliyempa, aliuchukua ushindi huo.

Walifunikwa mablanketi, wakapewa maziwa ya moto. Torvald alifika akiwa wa mwisho kuliko wote. Alikuwa kwenye boti ya uokoaji, na ukungu uliposhuka alizima injini asije akamgonga mtu, wakapotea yeye na boti yake mpaka alipoufuata ule mlio kwa kasia polepole hadi kwenye boya, akikumbuka kigelegele alichosimuliwa bwawani.

"Uliliona boya peke yako," alimwambia Nyangeta. "Kwa nini uliwaita?"

"Nilikuja hapa kuwashinda, mwalimu. Mtu aliyepotea sijamshinda."

Watu walilipenda jibu hilo. Nyangeta naye alilipenda, tena sana, akashindwa kuishia hapo. "Na bila mimi," aliongeza akijivuta blanketi kama malkia, "Sigrid angekuwa anaogelea mpaka sasa hivi."

Sigrid aliweka kikombe chini.

"Kwani ulikuwa unatuita?"

"Ulidhani naimba?"

"Nilidhani unakufa," alisema Sigrid. "Sijawahi kusikia sauti ya namna ile. Nilijua unazama. Nikawapigia wenzangu kelele, 'Nyangeta anazama,' tukageuka wote."

Nyangeta alijishika pale palipokuwa bado panauma. Alikumbuka ule mkono chini ya kwapa.

"Kumbe ulikuwa unanibeba?"

"Nilikuwa nakubeba, ukanionyesha boya."

"Lakini ulikuwa mbele! Na ulikuwa hujui kama umepotea. Nafasi je?"

Sigrid alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto. "Mtu anazama, wewe unauliza nafasi?"

Nyangeta alilishusha blanketi lake la kimalkia. Alikuwa amekaa majira yote ya baridi akiamini kuwa yeye peke yake ndiye aliyekuja na moyo katika mji ule. Kumbe watu aliokuwa anawaokoa walikuwa wanakuja kwake mbio, wote, kumwokoa.

"Na jina langu unalijua," alisema baadaye.

"Unanitajia kila asubuhi."

Nyangeta alilia. Alilia waziwazi, mbele ya kocha na maziwa yake, na Sigrid, ambaye hakuwa na maneno ya kumfariji, akavua blanketi lake akamwongezea juu ya lile la kwanza.

Mama mdogo aliposimuliwa hakusema 'nilikwambia'. Alimwongeza ugali tu.

Timu ilimwombea kibali kipya. Siku ya kwanza ya mazoezi, Torvald alipuliza filimbi akawapanga wote kando ya bwawa, wa zamani pamoja na yule mpya. "Kuanzia leo, kila baada ya mikono michache, kichwa juu. Mtatazama mamba." Hakuna aliyecheka. Nyangeta akawaonyesha.

Kwenye njia ya pembeni ya bwawa, wanakofanyia mazoezi wasio wa timu, Sigrid alikuwa anavaa miwani yake. Nyangeta alimwendea. "Habari za asubuhi, Sigrid. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo," alijibu Sigrid. Kisha, kwa shida, kama anayesukuma mlango uliozibwa na theluji, akaongeza, "Mwakani nafasi hiyo ni yangu."

"Njoo uichukue," alisema Nyangeta, na wakazama.

Funzo: Anayeziamini nguvu zake hana haja mwenzake apotee ndipo yeye ashinde. Na ukishamtendea mtu wema, usiwahi kujisifu. Huenda naye alikuwa njiani anakuja kukuokoa wewe.