Zamu ya Mwatabu

Paukwa!

— Pakawa!

Nianze, nisianze?

— Anza!

Mtanisikiliza mimi, au mtatazamana ninyi kwa ninyi?

— Tutakusikiliza!

Haya, tutaona.

Hapo kale, kale ya wanyama kusema na milango kukosa kufuli, palikuwa na Mama Nguchiro. Nyumba yake ilikuwa kichuguuni, kichuguu kikubwa, vyumba vitatu, mlango mmoja. Akazaa watoto watatu. Wa kwanza Shebwana. Wa pili binti, Mwatabu. Wa tatu Kombo, kitindamimba. Mama akaugua, akafa, wala hakuacha wosia. Wazazi nao! Muda wa kutuchagulia wachumba wanao, wa kusema nyumba ni ya nani hawana.

Arobaini haijatimia, maneno yakaanza.

Shebwana akasema, "Nyumba hii yangu. Mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa humu."

Kombo akasema, "Nyumba hii yangu. Kwa wazee wetu, nyumba ya mama huachiwa kitindamimba."

Mwatabu akasema, "Ndugu zangu, ninyi mna kwenu. Kaka, una shimo lako mtoni. Kombo, una pango kwa wakweo. Mimi nilibaki hapa nikamuuguza mama, na mwanangu Kidawa kazaliwa humu. Mkinitoa, niende naye wapi?"

Wakaenda kwa Kobe.

Kwa nini Kobe? Kwa sababu nyumba yake anaibeba mgongoni, basi wanyama wakasema huyo hawezi kutamani ya mtu. Mimi simwamini hata Kobe, lakini haya.

Kobe akasikiliza, akafumba macho, akafumbua. "Kesi hii nitaikata huko huko nyumbani, siku ya tatu. Mpaka nifike, kaeni humo wote. Mtu asimtoe mwenzake, wala asizibe mlango."

Sasa sikilizeni. Nguchiro wana desturi yao. Wakitoka kula, mmoja hupanda juu ya kichuguu, akaipa nyumba mgongo, akatazama angani. Akimwona Tai hupiga kelele, "Chii!" na wote huingia ndani. Ndivyo walivyoishi tangu enzi za mababu, kwa zamu.

Siku ya kwanza, zamu ya Shebwana. Akapanda. Akawaza, "Nikiwapa mgongo hawa, watanitolea vitu vyangu nje." Akageuka, akaukodolea macho mlango. Tai akapita juu, juu sana. Shebwana akamtazama Kombo, Kombo akamtazama Mwatabu, Mwatabu akamtazama Shebwana. Angani hakutazama mtu.

Siku ya pili, zamu ya Kombo. Akapanda. Akawaza, "Hawa wamezaliwa wakifuatana, lao moja. Nikiwapa mgongo wataziba mlango." Naye akageuka. Tai akapita chini kidogo.

"Mama," akasema Kidawa, "nimeona kivuli."

"Nyamaza, mwanangu. Nawaangalia wajomba zako."

Kombo akamtazama Shebwana, Shebwana akamtazama Mwatabu, Mwatabu akamtazama Kombo. Angani hakutazama mtu.

Siku ya tatu, zamu ya Mwatabu. Akapanda. Huyu alitazama angani, nawaambieni kweli, alitazama vizuri. Kidawa yuko nje anakimbiza panzi. Shebwana na Kombo wamekaa mlangoni, wananong'ona.

Mnajua walinong'ona nini? Walikuwa wanasema Kobe anachelewa. Basi, ni hilo tu.

Lakini Mwatabu akawaza, "Wananipangia mimi na mwanangu." Akageuka. Akateremka hatua moja, akatega sikio. Akateremka ya pili. Akateremka ya tatu. Shebwana akamtazama Mwatabu, Kombo akamtazama Mwatabu, Mwatabu akawatazama wote wawili. Angani hakutazama mtu.

Tai akashuka.

"Chii!" moja tu ilisikika, nayo haikuwa ya mlinzi.

Walikimbia wote watatu, wakimfuata Tai kwa chini, wakipiga kelele, mpaka miguu ikawaishia. Hapo hakuna aliyekumbuka mlango. Waliporudi, Mwatabu alikuwa hana sauti tena ya kulia.

Kobe naye akafika, anahema, wala hana habari. Akasema, "Njia nzima nimefikiri. Shebwana, una shimo lako. Kombo, una pango lako. Nyumba nimempa mwenye mtoto. Aje hapa mbele na mtoto wake, tushuhudie sote."

Hakusogea mtu.

"Mtoto yuko wapi?" akauliza Kobe.

Shebwana akainama. Kombo akainama.

Mwatabu akasema, "Zamu ilikuwa yangu, mzee."

Akaondoka. Hata mkeka wake hakuingia kuuchukua. Shebwana hakuthubutu kukaa, Kombo hakuthubutu kukaa, kichuguuni wakarudi mchwa. Ndiyo maana mpaka leo nguchiro hakai kichuguu kimoja siku nyingi. Huhama, na kuhama tena.

Funzo ni hili: ndugu wakigombania nyumba, wagombane, lakini aliye zamu atazame nje, kwa sababu Tai hasubiri hukumu.

Ngano yangu nimeitua, anayeitaka aibebe. Haya, nendeni mkalale. Mimi? Ninyi tangulieni tu. Kigoda hiki sikiachi, nikiinuka namjua atakayekikalia.