Kidole cha Nyamizi na Ajira Moja

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya juzi tu, kabla majoho yetu ya mahafali hayajaliwa na mende, palikuwa na hospitali yenye vijana watatu wa kujitolea. Kujitolea maana yake unafanya kazi ya mtu, unarudi nyumbani na njaa yako. Kwilasa alikuwa wa eksrei, Tausi wa utrasaundi, Ndimbo wa mazoezi ya viungo. Wote wana digrii. Wote waliambiwa, we'll call you, na simu haikuita.

Akaletwa Nyamizi, msusi. Mlango wa gari ulimvunja kidole cha pete. Daktari Lubuva akamtia ganzi ya kidole tu, mgonjwa akabaki macho.

"Daktari," akasema, "kidole hiki kikifa, wanangu watakula nini?"

Daktari akaanza kupitisha pini ya chuma ndani ya mfupa. Mfupa umefunikwa na nyama, pini inakwenda gizani. Kwilasa akawasha mashine ya mionzi, lakini mkono wa Nyamizi haukutulia, picha ikatoka na ukungu. Aproni ya kuzuia mionzi ilikuwa moja, kaivaa daktari. Basi Kwilasa akaushika ule mkono kwa mikono yake mitupu, mionzi ikampenya, picha ikatulia.

Pini ikiwa bado njiani, mashine ikachemka, ikazima. Uzee. Tausi akakimbilia utrasaundi ile ya wajawazito, akatazama, akamwambia daktari asisukume zaidi: ncha ya pini imetokea upande wa pili wa mfupa, inagusa kano inayokunja kidole. Pini ikarudishwa nyuma.

Mashine ilipopoa, picha ya mwisho ikaonyesha mfupa umenyooka, safi kabisa. Daktari akaomba bendeji.

"Dada, hebu kunja ngumi," akasema Ndimbo.

Nyamizi akakunja. Kidole cha pete kikapanda juu ya kidole cha kati. Mfupa ulikuwa umejizungusha, na picha haikusema kitu. Daktari akachomoa pini, akauzungusha mfupa, akaanza upya. Safari hii ngumi ikafungika sawasawa.

Nyamizi akapona, akasuka. Ndipo kikaja kibali cha ajira. Kimoja, kwa watu watatu. Hesabu za wakubwa hizo, msiniulize mimi. Mganga mkuu wa hospitali akakwepa lawama, akamwita Nyamizi: kidole ni chako, chagua wewe.

Kwilasa akasema, "Dada, bila mimi daktari angetoboa gizani. Mikono hii nimeiweka kwenye mionzi, na sina hata bima."

Tausi akasema, "Bila mimi kano ingekatika. Ungebaki na mfupa mzuri kwenye kidole kisichokunja."

Ndimbo akasema, "Bila mimi ungesuka kwa kidole kilichopanda juu ya mwenzake. Hawa walitazama picha. Mimi nilikutazama wewe."

Nyamizi akawatazama, mmoja baada ya mwingine. Alijua wawili watatoka pale kurudi kijiweni. Akainua mkono, akanyoosha kidole kile kile, kikabaki hewani.

Haya, ninyi mnaosema vijana hawapendi kazi. Kidole kile kimwelekee nani?