Komeo la Mlango wa Pili

Mlango wa pili nao una komeo.

Ndivyo alivyosema yule bibi juzi kwenye kikao cha wazazi pale shuleni, watu wazima wakacheka, nanyi mkabaki mnatazamana. Mlikuwa dirishani mnasikiliza, nimewaona. Ubishi ulikuwa juu ya wasichana, kama waruhusiwe kuvaa suruali wakati wa mpira. Baba mmoja akasimama akasema leo suruali, kesho watataka kusuka nywele za bandia, keshokutwa watakuja shule siku wanayotaka wao. Ndipo bibi akatamka neno lile, akakaa.

Njiani mkaniuliza limetoka wapi. Nalijua. Mama mkwe wangu alinisimulia siku nilipomkataza dada yenu kwenda kisimani na wenzake, kwa kuwa mimi moyoni nilishamwona amezama, nikawa nalia hata ndoo hajaishika. Basi sikilizeni, asili yake ni hii.

Zamani kijiji kimoja cha Ugogo kilikuwa na ghala la watu wote. Lilikuwa tembe, yaani nyumba ndefu ya udongo, fupi kwa kimo, na paa lake bapa. Ndani mlikuwa na vyumba viwili. Ukiingia kwa mlango wa nje unakuta chumba cha chakula, uwele uliowekwa na kila nyumba baada ya mavuno. Ukikivuka chumba hicho unakuta mlango mwingine, na nyuma yake mbegu. Kila mlango ulikuwa na komeo lake la mti mgumu. Sheria ilikuwa moja, kwamba asiguse mtu mpaka mvua ya kwanza. Siku hiyo kila nyumba inapewa chakula cha kuitia nguvu ya kulima, na mbegu ya kupanda.

Mlinzi wa ghala alikuwa Mzee Chiwanga. Hakuwa mchoyo, wala hakuwahi kuiba hata punje. Alikuwa na hofu tu, na hofu yake ilikuwa na miguu mirefu. Ukimwambia jambo lolote anakuuliza, "Na kesho?" Vijana walipotaka kukata njia fupi ya kwenda kisimani, aliuliza, "Na kesho? Kesho fisi nao watapita humo humo." Basi watu wakaendelea kuzunguka kilima na mitungi kichwani, na fisi wakaendelea kupita walikotaka.

Mwaka mmoja, mwezi ule wa jua kali kabla ya mvua, Nyemo alijifungua mapacha. Mumewe alikuwa mbali na ng'ombe, anatafuta malisho. Majirani walimpa walichokuwa nacho, lakini walichokuwa nacho kilikuwa mlenda mkavu, na mlenda bila ugali hauleti maziwa. Siku ya nne maziwa yakakatika. Watoto wakawa wanalia, halafu wakawa wanalia kidogo, na mkunga wake, Bibi Ndahani, akasema kulia kidogo ndiko kubaya zaidi. "Huyu anywe uji wa uwele leo," akasema, "la sivyo wiki hii tutachimba mashimo mawili."

Asubuhi ile ile watu wakakusanyika mbele ya ghala. Nyemo akaja na mtoto mmoja mgongoni, mmoja kifuani, akaomba kibaba kimoja kwa siku mpaka arobaini yake iishe.

Mzee Chiwanga akajishika kichwa. "Mjukuu wangu, nakuonea huruma. Lakini na kesho?"

"Kesho pia kibaba kimoja, babu."

"Hujanielewa. Leo kibaba cha mzazi. Kesho atakuja mwenye jino, atasema na yeye anaumwa. Keshokutwa mwenye wageni. Mtondo atakuja mwenye hamu tu. Mtondogoo chumba hiki kitupu, watu wameshaingia cha pili, wanakaanga mbegu! Mvua itanyesha tutapanda nini? Kokoto? Tutahama hapa na vyungu vyetu vichwani, twende kuomba kwa watu wa milimani. Mabinti zetu wataolewa huko. Wajukuu zetu watasahau hata salamu zetu. Na makaburi ya wazee wetu yataota miiba, hakuna mtu wa kuyafagia!"

Mwanamke mmoja akaanza kufuta machozi. Mwanamume mmoja aitwaye Chilewa akasema kwa sauti ya majonzi, "Mimi milimani sitaweza. Baridi ya kule inanipa kikohozi."

"Babu," Nyemo akasema, "mimi nimeomba kibaba. Mbona mmekwisha kunihamisha?"

Bibi Ndahani akapasuka kicheko. Wengine wakamfuata, hata aliyekuwa analia. Lakini Nyemo hakucheka, maana mtoto wa kifuani alikuwa ameacha kulia kabisa.

"Nikuulize, babu. Kati ya uwele wangu na mbegu kuna nini?"

"Kuna ukuta."

"Na ukutani?"

"Mlango."

"Na mlangoni?"

"Si komeo! Wewe hulijui?"

"Nalijua. Sasa nani analifungua?"

Mzee akautazama mkono wake. "Mimi."

"Basi huyo mwenye jino akija kesho, mtazameni jino lake hiyo kesho. Mwenye hamu mrudisheni na hamu yake. Mimi mnaninyima kwa makosa ya watu ambao hata hawajaja! Nifungulie huu mmoja tu, babu. Mlango wa pili nao una komeo."

"Kweli tupu," akasema Bibi Ndahani. "Chiwanga, au mkono wako utafungua wenyewe ukiwa umelala?"

Watu wakashauriana pale pale. Wakakubaliana kwamba mzazi mwenye mtoto mchanga apewe kibaba kwa siku mpaka arobaini, na mtu mwingine asiguse. Mzee Chiwanga akaingia, akapima kibaba. Kabla ya kutoka akaenda mpaka mlango wa pili, akalitikisa komeo mara tatu. Halikusogea. Nyemo akanywa uji mwembamba asubuhi na mchana, na kabla jua halijazama maziwa yakaanza kurudi.

Kesho yake, msidhani Mzee aliota bure. Chilewa akaja, kafunga kitambaa taya zima.

"Babu, jino. Siwezi kutafuna. Nisaidie kibaba cha uji."

Mzee akataka kupiga kelele, "Niliwaambia!" Kisha akakumbuka kwamba bado komeo liko mkononi mwake.

"Chilewa, umezaa?"

"Mimi, babu?"

"Wewe."

"Sijazaa."

"Basi nenda kwa Bibi Ndahani akaling'oe."

Wanasema jino lile lilipona njiani, hata kabla hajafika kwa mkunga. Na aliyekuwa amejipanga kuja na wageni wake akasikia habari, akaenda nao shambani kuchimba mizizi.

Mvua ilinyesha mbegu zikiwa zote, na mapacha wakiwa na mashavu. Ajabu ni kwamba aliyelieneza neno la Nyemo ni Mzee Chiwanga mwenyewe. Mtu akianza kuogofya wenzake kwa jambo la mtondogoo, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkatiza nalo.

Sasa wanangu, nawaonya, na mimi najionya. Mkisikia mtu anakataa jambo jema kwa sababu ya baya lililo mbali, msimcheke tu. Huenda anawapenda, kama Mzee Chiwanga alivyowapenda watu wake. Mwulizeni: kutoka hapa mpaka kule kuna milango mingapi, na kila mmoja nani anaulinda? Akikuonyesha mlango usio na komeo, msikilize, hapo ana haki. Na wewe utakayefungua mlango wa kwanza, usijisahau ukaenda kulala. Chilewa yupo kila kijiji, na kila siku ana jino jipya. Mwenye haja ya leo mpe leo. Anayekuja kesho mpime kesho, na ukiona hastahili, mwambie hapana ukiwa umemtazama usoni.

Mlango wa pili nao una komeo.