Nani Amvishe Joho Jaji Noluvuyo?

Hapo zamani, enzi za makaburu kule Afrika Kusini, wala msidhani ni zamani sana, walikuwapo mabinti wawili wa mfanyakazi wa reli: Nosandise na mdogo wake Noluvuyo. Baba yao aliweza kumsomesha mmoja tu. Nosandise ndiye aliyeongoza darasani. Siku moja akafunga vitabu vyake kwa kamba, akampa mdogo wake.

"Soma wewe," akasema. "Wewe hujui kunyamaza. Mimi nitafua."

Akafua nguo za wazungu hadi mikono ikachubuka. Noluvuyo akasoma, akasoma, akahitimu sheria.

Lakini ilibidi afundishwe kazi kwanza katika ofisi ya wakili. Kila alipobisha hodi, walimfungia milango. Mwanamke! Tena mweusi! Mwishowe akabisha hodi kwa Mzee Lourens, wakili kaburu mwenye ofisi kubwa. Mzee akamtazama, akaonyesha meza iliyokuwa karibu na dirisha.

"Kaa pale. Hiyo ni yako."

Wateja wakamhama mzee. Kanisani wakamtenga. Mkewe akarudi kwao. Meza ya Noluvuyo haikuguswa.

Ndipo akashtakiwa Zolani, mchimba madini, kwamba amemuua msimamizi wake. Hakuua, lakini kitanzi kilikuwa kinamngoja. Alipopewa wakili mzoefu, akamkataa.

"Namtaka yule binti wa kwa Lourens."

"Hajawahi kutetea kesi ya mauaji!"

"Alipokuja gerezani, ndiye pekee aliyeniuliza nilikuwa wapi."

Noluvuyo akasimama mahakamani, sauti ikitetemeka. Shahidi aliapa kwamba alimwona Zolani shimoni akiua. Noluvuyo akambana, akambana, mpaka akakiri kuwa taa zote zilikuwa zimezimika. Sauti ile haikutetemeka tena. Zolani akatoka huru, na nchi nzima ikalijua jina la binti.

Makaburu wakaanguka. Noluvuyo akawa jaji, akatoa hukumu zilizowarudisha watu waliofukuzwa kwenye ardhi yao. Akapanda na kupanda, hadi siku ya kuapishwa kuwa mkuu wa majaji wa jimbo. Ukumbi ukafurika nyimbo na vigelegele. Msajili akamkabidhi joho jipya.

"Mheshimiwa, mchague mtu mmoja akuvishe."

Wakasimama watatu.

"Mdogo wangu," akasema Nosandise, "sikukupa mabaki. Nilikupa nafasi yangu, na darasani nilikuwa nakushinda."

"Wewe ni dada yake," akasema Mzee Lourens. "Mimi hakuwa wangu kwa lolote, na nilichopoteza hakikurudi."

"Na waliomfungia milango si watu wenu?" akauliza Nosandise.

"Ni watu wetu, mama. Ndiyo maana niliufungua wangu."

Zolani akacheka. "Ninyi mlitoa shule na wateja. Mimi niliweka shingo! Angekosea, ninyi mngelala majumbani kwenu."

"Lakini alikuokoa," akasema Nosandise. "Ameshakulipa."

"Siku ile nani alijua kuwa ataniokoa? Hata yeye hakujua!"

Noluvuyo akawatazama, machozi yakimtiririka huku anacheka.

"Nimeamua kesi ngumu maisha yangu yote," akasema. "Hii imenishinda. Niamulieni!"

Ukumbi mzima ukalipuka, kila upande ukimtaja mtu wake.

Haya, nanyi mnaonisikiliza, msiniinamishie vichwa. Jaji amesimama, joho liko mikononi. Dada, mzee au mchimba madini: nani alistahili kumvisha?