Tikiti Lililoota Nyuma ya Sikio la Kiboko

Niwape nisiwape?

Tupe!

Niwawekee mikononi?

Masikioni!

Yana nta?

Tumeyasafisha!

Haya, tutaona.

Najua, wenye kujua wameshaanza kunong'ona kwamba ngano hazisimuliwi mchana, eti anayesimulia mchana na anayesikiliza mchana wote huota pembe. Lakini mahindi haya yanataka kupukuchuliwa leo, na mikono isiyo na hadithi inasinzia. Pembe tutazikagua mwishoni. Na wewe Mhina, mwanangu, gambuti za nini jua lote hili? Matope umeyaona wapi? Haya, kaa. Chukua hindi upukuchue, usije ukajifanya mgeni.

Hapo kale palikuwa na bwawa, na bwawani alikaa Kiboko. Bwawa lilikuwa na sheria moja tu: ambaye mgongo wake haukauki, bwawa ni lake. Siku mgongo ukikauka, si lake tena. Nani aliitunga sheria hiyo? Kiboko. Nani alikuwa na mgongo usiokauka? Kiboko. Mnacheka nini? Hata hapa kijijini wapo.

Aliyetaka kunywa maji alileta tikiti. Swala akileta tikiti, Kiboko anapasua, pwaa! Anameza na maganda yake. Ngiri akileta tikiti, pwaa! Nyati akileta tikiti, pwaa! Mbegu zinamrukia usoni, zinamganda mashavuni, zinaingia mpaka masikioni, yeye hana habari. Nyati alikunywa, akasimama ukingoni, akatafuna taratibu huku macho yake yakiwa mgongoni kwa Kiboko. Hasemi neno. Anangoja tu ukauke.

Sasa palikuwa na Nguchiro. Mnamjua, yule mnyama mdogo mrefu kama soksi, pua mbele, mkia nyuma, macho hayatulii. Kazi yake ilikuwa kupe. Kila asubuhi Kiboko analaza kichwa ukingoni, mgongo unabaki majini, Nguchiro anapanda na kuchokonoa. Nyofo, nyofo, nyofo. Kiboko anapata raha, Nguchiro na wanawe watano wanapata kifungua kinywa. Lakini kupe alikula kwa sababu ya njaa tu. Roho yake ilikuwa kwenye mayai.

Siku moja, nyuma ya sikio la kushoto, Nguchiro akakuta kidoa. Cheusi, kama mbegu ya papai.

"Bwana Mkubwa, hapa pana kidoa."

"Kinauma?"

"Nitajuaje mimi? Sikio ni lako."

"Basi hakiumi. Hilo ni tope. Chokonoa kupe."

Nguchiro akachota maji, akasugua. Suu, suu, suu. Tope halikutoka. Akarudi kwenye kupe, lakini macho yakabaki pale pale.

Mwezi ukaandama, Nguchiro akatazama tena. Kidoa kimekuwa kama punje ya hindi.

"Bwana Mkubwa, kile kidoa kimekua."

"Kinauma?"

"Sikio ni lako."

"Hakiumi. Tutakiangalia matikiti yakiisha. Chokonoa kupe."

Mwezi mwingine ukaandama. Kidoa kimekuwa kama korosho, na ukingo wake umechanika-chanika kama jani lililopitiwa na panzi. Huku cheusi, huku cha kahawia, na kwa pembeni kinatoa damu kidogo.

"Bwana Mkubwa, kile kidoa kina rangi tatu."

"Kinauma?"

"Sikio ni lako!"

"Hakiumi! Tutakiangalia mvua zikipita. We Nguchiro, umekuja kula kupe au umekuja kunihesabia rangi?"

Nguchiro hakulala vizuri. Msidhani alimhurumia. Alijiuliza: Kiboko akifa, kupe wanakufa. Kupe wakifa, mimi nahamia kwa nani? Kwa Nyati? Nyati ukimgusa sikio anakupiga mkia unatua kijiji cha pili. Tena, kuna kitu kingine kilimsumbua. Alitaka kujua. Nguchiro akiona shimo lazima aingize pua, ndivyo alivyoumbwa.

Akapanda mwambani kwa Nungunungu, aliyekuwa mganga. Sindano hakununua, aliota nazo mgongoni.

"Bibi," akasema Nguchiro, "kitu kinaota kwenye ngozi ya Kiboko, nyuma ya sikio, kinakua, kinabadilika rangi, hakiumi. Ni nini?"

"Sijui," akasema Nungunungu.

"Mganga gani hujui?"

"Mganga ambaye hajakiona. Huenda si kitu. Huenda ni kitu. Kwa kuhadithiwa tu sijui, na anayekuambia anajua kwa kuhadithiwa, mkimbie."

"Na kama ni kitu?"

"Mzizi wake ukiwa bado mfupi, nakitoa. Ukishateremka shingoni, waite fisi."

"Basi teremka bwawani ukione."

"Ngozi yenye maji hainionyeshi mwisho wa kidoa uko wapi. Mlete hapa, alale juani kuanzia asubuhi mpaka jua liwe utosini, akanyage kivuli chake. Awe mkavu kabisa."

Mkavu! Mmesikia? Mkavu, na sheria ya bwawa mnaijua. Hapo ndipo Nguchiro akafahamu kwa nini Kiboko kila siku ana matikiti, ana mvua, ana hiki, ana kile. Hakuwa mjinga sana. Aliogopa kukauka.

Nguchiro akarudi, akiwaza njia nzima. Ukimtisha Kiboko, anazama. Ukimbembeleza, anazama. Huyu anavutwa na nini? Tumbo.

Asubuhi akapanda kichwani kama kawaida. Nyofo, nyofo. Halafu akanyamaza. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Ala!" Akakifukia kidoa kwa tope haraka haraka.

"Nini?" akauliza Kiboko.

"Hakuna kitu, Bwana Mkubwa."

"Umesema ala."

"Nimepiga chafya."

"Chafya haisemi ala! Umeona nini?"

"Ni jambo letu, mimi na Ngiri. Tumeshakubaliana tutagawanaje."

Kiboko akafumbua macho yote mawili. "Mnagawana nini? Kwenye kichwa cha nani?"

"Chako."

"Basi chochote kilichopo ni changu!"

Nguchiro akahema kama mtu aliyeshindwa. "Haya, yaishe. Kile kidoa si tope. Ni tikiti. Mbegu imekuingia nyuma ya sikio, imeota. Sasa hivi ni dogo, lakini nimelilamba. Bwana Mkubwa, utamu ule sijawahi kuuona."

Kiboko akanyoosha ulimi alifikie. Ulimi haukufika. Akageuza jicho alione. Jicho halikufika. Nani aliwahi kuona nyuma ya sikio lake mwenyewe?

"Lichume unipe!"

"Mimi sina kisu. Mchumaji ni Nungunungu, kule mwambani. Na hachumi penye maji, linaoza. Lazima ukauke."

Kiboko akageuza kichwa. Akamtazama Nyati ukingoni. Nyati akaacha kutafuna.

"Tutalichuma mvua zikipita," akasema Kiboko.

"Sawa kabisa," akasema Nguchiro. "Nitamwambia Ngiri asubiri. Ila Ngiri ana meno marefu, na wewe ukisinzia unakoroma."

Kiboko akatoka majini. Kwatu, kwatu, kwatu, maji yanachuruzika. Kwatu, kwatu, kwatu, yamekoma kuchuruzika. Mpaka anafika mwambani anahema kama mvukuto. Pwaa! Akajilaza. Jua likampiga asubuhi nzima, ngozi ikabana, ikawa ya kijivu, na Kiboko akaona aibu, maana hakuwahi kuijua rangi yake mwenyewe.

Alipokanyaga kivuli chake, Nungunungu akaja. Akatazama. Akanusa. Akazunguka, akatazama tena kwa upande wa pili.

"Limeiva?" akauliza Kiboko.

"Mhm," akasema Nungunungu.

"Mhm ya kuiva au mhm ya bado?"

"Mhm ya tulia."

Akatafuna majani, akampaka ganzi. Akang'oa mwiba mgongoni mwake, ule mwembamba kuliko yote. Chwi, chwi, chwi, akazunguka kidoa, akaacha nafasi pembeni, akakitoa na mzizi wake. Kiboko akapiga kelele ndege wakahama mti.

Kisha Nungunungu akamwekea mbele ya pua, juu ya jani. "Tikiti lako hilo. Kula."

Kiboko akatazama. Mara ya kwanza anakiona. Kitu cheusi, kidogo, kibaya, kina vijizizi chini kama mche uliong'olewa. Akasogeza pua, akairudisha.

"Hili si tikiti," akasema.

"Si tikiti."

"Lingeiva lini?"

"Lingefika masika lingeiva. Ila wewe ndiye ungeliwa. Mzizi bado mfupi, umewahi. Rudi kila mwezi ukiandama nikutazame, maana vitu hivi vina tabia ya kurudi kusalimia."

Kiboko akageuka kumtafuta Nguchiro amkanyage. Au amshukuru, hata yeye hakuwa amekata shauri. Nguchiro hayupo.

Kwatu, kwatu, kwatu, akateremka bwawani. Wanyama wote wapo. Nyati akamsogelea, akatoa ulimi, akamlamba mgongo kutoka shingoni hadi mkiani.

"Mkavu," akasema Nyati. Ndilo neno la kwanza alilosema mwaka ule.

"Mkavu!" wakapiga kelele wote.

"Basi bwawa ni langu," akasema Nyati, akageuka aingie. Na katikati ya bwawa, pua nje, kichwa kimelowa, yuko nani?

"Nilambe na mimi," akasema Nguchiro. Chubwi! Akazama, akaibuka. "Nimelowa tangu Kiboko anakauka. Karibuni mnywe. Hapa matikiti hayatakiwi. Kila mtu aje na yai."

Mlidhani yeye ni malaika?

Kiboko akawa anapanga foleni, nyuma ya Ngiri, na yai lake kinywani, meno ameyaachanisha lisipasuke. Hakuna aliyewahi kumwona mpole vile. Kila mwezi ukiandama anapanda mwambani bila kuitwa, na akikutana na mtu njiani anamgeuzia sikio: "Hebu nitazamie, pana kitu?" Watu wakawa wanapita njia nyingine.

Na Nguchiro akanenepa. Kutwa yumo majini na manyoya yake yote, anapasua mayai, kacha! kacha! Siku moja Kiboko amesimama kwenye foleni, akaona kitu pale mkia wa Nguchiro unapoanzia. Manyoya yametoka. Pana kidoa.

"Mama Nguchiro, hapo mkiani pana kidoa."

"Hakiumi. Ni tope. Lete yai."

Mwezi ukaandama.

"Mama Nguchiro, kile kidoa kimekua."

"Hakiumi. Tutakiangalia kuku wakiacha kutaga. Lete yai. We Kiboko, umekuja kunywa maji au umekuja kunitazama makalio?"

Kiboko akaenda kando, akawaza. Kwake kuwaza ilikuwa kazi nzito kama kubeba jiwe, na aliwaza siku tatu. Siku ya nne akaja, akasimama mbele ya Nguchiro, akanyamaza. Halafu akasema, kwa lile lisauti lake nene, "Ala!"

Nguchiro akaacha kupasua yai. "Usinifanye mjinga. Huo ujanja ni wangu huo."

"Sijasema kitu."

"Umesema ala."

"Nimepiga chafya," akasema Kiboko.

"Utaniambia hapo mkiani pameota yai."

"Mimi sijasema yai. Umesema wewe." Kiboko akageuka aondoke. "Ila Nyati amelinusa. Anasema ni la kanga."

Nguchiro alijua ni uongo. Uongo ni wake, aliutengeneza mwenyewe, anajua mpaka mshono uko wapi. Akazunguka ajione mkia. Mkia ukazunguka naye. Akazunguka upande wa pili. Mkia nao. Akasimama, maji yanamtiririka ndevuni.

"La kanga?" akauliza.

Na miguu ilikuwa imeshatoka majini, inapanda mwambani, tindi, tindi, tindi, huku mdomo bado unasema ni uongo.

Na bwawa je? Chubwi! Mnadhani nani alitangulia kuingia? Mpaka kesho yumo, na Nyati mpaka kesho yuko ukingoni anatafuna.

Hadithi yangu imekauka mgongo, aliyelowa na aanze yake.

Funzo lake nini? Msiniambie mlikuwa hamngoji. Funzo ni hili: msikubali kukaguliwa. Kiboko alikaguliwa akapoteza bwawa. Nguchiro alikaguliwa akapoteza bwawa. Ukiona kitu kinaota kwenye ngozi, kinakua, kinabadilika rangi, nyamaza, kifunike, subiri matikiti yaishe. Kwamba wote wawili wako hai, hilo si funzo, hilo limetokea tu.

Sasa, tumesimulia mchana, na mimi sitaki wajukuu wenye pembe. Inamisheni vichwa niwapapase. Huyu hana. Huyu hana, ana chawa. Huyu hana. Ila pembe za watoto ndizo huanzia kichwani. Za watu wazima huanzia unyayoni.

Mhina, vua gambuti.

"Mama, hapaumi."

Sijauliza kama panauma. Nimesema vua.