Mjusi wa Kamba

Hadithi, watu wangu!
— Iteremke, tuipokee!
Mlio nyuma, mmelala?
— Masikio yako macho!

Hapo kale, mbali huko Sumatra, nchi ya Wakaro, palikuwa na nyumba ndefu ya mbao. Paa limechongoka, lina pembe za nyati. Msumari? Hata mmoja! Ilifungwa kwa kamba tu. Na ukutani kamba zilishonwa umbo la mjusi, awalinde wenyeji.

Familia nane, majiko manne, kila jiko familia mbili. Moshi ulipanda kwenye kamba, ukafukuza wadudu.

Nande Rindu na Nande Sangap, yaani Mama Rindu na Mama Sangap, walikuwa wa jiko moja. Siku moja wakagombania chungu cha nani kitangulie motoni. Wakanuniana.

"Siwashi, awashe yeye!"

"Siwashi mimi, awashe yeye!"

Siku ya kwanza, jiko baridi. Ya pili, baridi. Ya tatu, baridi. Mnacheka, kana kwamba kwenu hamnuniani! Juu ya jiko lile moshi haukupanda tena, wadudu wakala kamba. Boriti ikalegea, kwiii, juu ya pale alipolazwa Rindu, mtoto mchanga.

Ikaja mvua ya mchana, ile ya kubembeleza usingizi. Nyumba nzima ikasinzia. Mjusi akajibandua ukutani, polepole, akaingia katika ndoto ya Nande Rindu.

"Nina baridi, mama. Nikifumuka, nyumba itamwangukia Rindu. Atakayetangulia kuwasha moto, chungu chake kitatangulia siku zote. Usimwambie mwenzio."

Kisha akaingia katika ndoto ya Nande Sangap. Maneno yale yale! Lo, mjusi gani huyu!

Wakagutuka pamoja. Huyu mbio na kaa la moto kutoka jiko la pili, yule mbio na kaa kutoka jiko la tatu. Wakagongana vichwa, pu! Makaa yakaanguka pamoja, moto ukashika. Moshi ukapanda taratibu, ukazifikia kamba. Wanaume wakaifunga boriti upya.

"Mwenzangu, uliota nini?"

"Mjusi."

"Hata mimi!"

Wakatazama ukutani. Mjusi yupo mahali pake, kimya, mkia umejaa masizi. Wakacheka mpaka wakatokwa machozi, mengine ya moshi, mengine si ya moshi.

"Lete chungu chako, dada," akasema Nande Sangap.

"Tangulia wewe."

"Wewe una mtoto mchanga!"

"Tangulia wewe, nasema!"

Wakagombana tena, jamani, lakini moto ulikuwa unawaka.

Hadithi yangu imefika jikoni.
— Nasi tumeota moto wake!